Mwaka wa Mkojo wa Komanda

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko na kwa makosa ya herufi. Nilisoma hadi darasa la sita tu, na la sita lenyewe sikulimaliza. Ukurasa mmoja unanichukua asubuhi nzima, kwa sababu kalamu naishika kama sindano na naogopa kuikaza. Binti yangu amesahihisha maneno fulani. Mengine nimemkataza, maana akiyasahihisha yanakuwa ya kwake.

Mwezi uliopita tulimzika Maman Devota hapa Nyakabuye. Siku ya kumaliza kilio watu walisimama mmoja mmoja wakamsifu: jinsi alivyowapa kitenge kabla hawajalipa, jinsi alivyocheka, jinsi alivyobishana na askari wa daraja mpaka wakamwachia mizigo. Wakaniangalia mimi niliyekaa naye. Nikasimama, nikasema alikuwa mtu mzuri, nikakaa. Hawakushangaa, wananijua. Lakini kichwani nilikuwa nimemwona Maman Devota ameinama jikoni anachota majivu, na nikaona aibu kwamba katika maisha yote ya mama yule nimekumbuka majivu ya paka. Kwa nini nilikuwa kwake yeye na si kwa watu wangu, hayo nitayaacha. Nataka kuandika mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka kumi na sita.

Nyumba tuliyokaa mwaka ule haikuwa yetu. Ilikuwa Nyakarenzo, juu ya barabara inayoteremka Rusizi II, kwenye daraja la mpakani la kuvukia Bukavu. Wenyewe walikimbilia ng'ambo wakati sisi tulikuwa tunatoka ng'ambo. Pengine tulipishana darajani, sijui, siku ile sikumtazama mtu usoni. Ilikuwa nyumba nzuri ya matofali, vyumba vitatu na sebule ya saruji iliyopasuka mahali pamoja tu, karibu na mlango. Ukutani kulikuwa na misumari mitano, na chini ya kila msumari rangi ilikuwa safi zaidi, umbo la picha iliyoondolewa. Maman Devota hakutundika kitu hata kimoja kwenye misumari ile. Alisema, "Ya bantu ni ya bantu," yaani vya watu ni vya watu. Koti lake alilitundika mlangoni, na kila mlango ulipofunguliwa lilianguka, na kila lilipoanguka alilitukana, lakini kwenye msumari hakuliweka. Chumba cha katikati kilijaa marobota ya vitenge aliyoyaleta kutoka Bukavu, na mimi nililala humo humo, juu ya mkeka, kati ya marobota na dirisha. Asubuhi mapema wanawake wenzake wa biashara walikuja kumchukua, na nilikuwa nawasikia sebuleni wakinywa chai na kusemana. "Devota, huyu mutoto wako hana ulimi?" "Anao. Anautunza." Wakacheka, wakabeba, wakateremka darajani. Mimi nikabaki na nyumba.

Mwaka ule nilikuwa sisikii kitu. Simaanishi masikio. Nikipewa chakula nakula, nikitumwa naenda, na watu walisema nina tabia njema. Hata leo mtu akisifu mtoto mtulivu, huwa naenda kumtazama mtoto yule vizuri.

Paka jike wa nyumba alikuwa amebaki wenyewe walipoondoka. Alizaa watoto wanne chini ya kitanda cha Maman Devota. Watatu wakafa, na yeye mwenyewe akatoka siku moja kuwinda, asirudi. Aliyebaki alikuwa dume, wa kijivu mwenye mistari, kidevu cheupe kama mtu aliyekunywa maziwa akasahau kujipangusa. Papa Safari, mshonaji aliyeweka cherehani yake kwenye baraza letu, ndiye aliyempa jina Komanda, kwa sababu kila asubuhi paka alipita juu ya marobota yote, moja moja, ananusa, anaenda kwenye lingine, kama mkubwa anayekagua askari. Mimi sikumpa jina wala sikumbeba. Alikuja mwenyewe kulala kwenye miguu yangu, na mimi sikumfukuza. Ndivyo tulivyoanza.

Kwetu paka hapewi maji. Watu wanasema umande unamtosha, na damu ya panya. Na maji yenyewe yalitoka kisimani chini bondeni. Niliyapandisha mimi, jerekani moja kichwani na moja mkononi, kwa hiyo hakuna aliyefikiria kuyagawa na mnyama. Lakini mimi nilikuwa nammiminia kidogo kwenye kifuniko cha kopo, kwa sababu nilimwona analamba ukuta wa mtungi. Alipofika karibu mwaka mmoja akaanza kukojoa ovyo. Alichuchumaa kwenye kona, kwenye kiatu, na mwisho kwenye marobota. Vilikuwa vitone tu, lakini mkojo wa paka dume hauhitaji wingi. Siku moja Maman Devota alirudi kutoka sokoni uso umevimba kwa hasira. Mteja mmoja alinusa kitenge mbele ya watu wote, akauliza, "Maman Devota, hivi vitenge vyako vililala na nani?"

"Nani anamupa mayi huyu muntu wa masharubu?" aliniuliza.

"Mimi."

"Uache. Asiyekunywa hakojoe. Ni hesabu ya mutoto mudogo."

Nikachukua kifuniko cha kopo, nikamwaga maji uani mbele ya paka mwenyewe. Toka siku hiyo alipewa sambaza kavu tu, zile samaki ndogo za ziwani, zilizokaushwa na chumvi. Sikuona kwamba ni vibaya. Sikuona kwamba ni vizuri. Niliambiwa, nikafanya.

Siku ya nne hakukojoa tena ovyo, na Maman Devota akafurahi. Mimi ndiye niliyeona kwamba hakukojoa popote. Alichuchumaa, akakaza, akatazama mbele kama mtu anayesubiri kuitwa, akaondoka, akachuchumaa pengine. Akawa analia sauti nene ambayo sikuijua. Papa Safari alisimamisha cherehani. "Amefunga choo huyo. Mupe mawese." Tukampa mawese kwa kijiko, akatapika kwenye mguu wangu. Nilipomshika tumbo, chini kabisa, nilikuta kitu kigumu, cha mviringo, kama chungwa bichi. Maman Devota naye akashika, akaondoa mkono haraka. "Kama anakufa, afie inje," alisema, lakini hakumtoa nje. Alikaa kwenye robota akamtazama.

Siku iliyofuata ilikuwa siku ya chanjo ya ng'ombe. Daktari wa mifugo alikuwa anakuja mpaka uwanja ulio nyuma ya ofisi ya sekta. Nilimfunga Komanda kwenye kitambaa changu cha kichwa nikaenda, bila kumwambia mtu. Nilisimama kwenye mstari, mbele yangu ng'ombe wanne na wenyewe, nyuma yangu ng'ombe mmoja aliyenipumulia mgongoni. Zamu yangu ilipofika, yule daktari, mzee mfupi wa buti za mpira, alitazama nyuma yangu.

"Ng'ombe yako iko wapi, mutoto?"

Nikafungua kitambaa. Uwanja mzima ukacheka. Mtu mmoja akasema, "Hiyo inakamuliwa litre ngapi kwa siku?" Mwingine akasema, "Iko na mimba ya panya!" Mzee naye alikuwa anacheka, mpaka alipoweka mkono tumboni.

"Hajakojoa tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Anakunywa mayi?"

"Hapana."

"Anakula nini?"

"Sambaza."

"Kavu?"

"Kavu."

Hakunigombeza. Alisema amekwisha kuona jambo hili kwa mbuzi dume: mchanga unajengeka ndani ya kibofu, unashuka, unaziba mlango, kwa sababu mlango wa dume ni mwembamba. Akaniambia nimlaze chali nishike miguu yote minne. Akapaka vidole mafuta, akamtoa kidude chake kidogo chekundu, akakisokota taratibu kati ya vidole viwili, kama mtu anayesokota uzi. Ikatoka kama chokaa iliyolowa, kidogo tu, punje chache. Halafu mkojo ukaruka, wa rangi ya waridi, ukamwagika kwenye buti zake mpaka nikafikiri hautaisha. Mwenye ng'ombe wa nyuma alipiga makofi.

"Sikiliza," mzee aliniambia. "Tumbo usilikamue kamwe, kibofu kitapasuka. Hizo sambaza uziloweke, umwage mayi, uloweke tena, umwage, halafu umupe na supu. Mayi, mayi, mayi. Na uhesabu. Siku ambayo hajakojoa asubuhi na saa sita hajakojoa, usingoje jioni."

"Atapona lini?"

"Haponi. Huyu anachungwa tu."

Nilirudi nyumbani nikamwambia Maman Devota maneno hayo yote, kwa mpangilio ule ule. Nadhani ndiyo yalikuwa maneno mengi zaidi niliyowahi kumwambia kwa mara moja. Alinisikiliza mdomo wazi. Halafu akasema, "Kwa hiyo mimi ndo nilimufungia mulango," akaingia chumbani, akakaa huko mpaka chakula kikapoa.

Tangu hapo nilikuwa na kazi. Nilichukua karai lililotoboka, nikaweka majivu ya jikoni, nikamzoesha Komanda kukojoa humo. Majivu ni mazuri kwa sababu yanaonyesha: mahali alipokojoa panaganda donge, na unaona ukubwa wake, na unaona kama kuna damu. Nililoweka sambaza kila jioni na kila asubuhi, nyumba ikanuka ziwa. Maji ya kisima nilipandisha jerekani moja zaidi. Sikuwa na furaha wala sikuwa na huzuni, nilikuwa na madonge. Maman Devota aliporudi kutoka Bukavu, kabla hajatua mzigo, aliuliza, "Komanda?" Nikajibu, "Mbili." Au, "Tatu." Ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya siku nyingi, na sasa nikifikiria, sijawahi kuwa na mazungumzo mengine niliyoyangoja hivyo. Papa Safari naye akaingia kwenye hesabu. Asubuhi moja paka alichelewa sana, sote tukawa na wasiwasi, na alipokojoa Papa Safari alipiga kelele kutoka barazani, "Komanda amekojoa! Komanda amekojoa!" Wakati huo huo askari watatu wa kizuizi walikuwa wanapita barabarani. Mmoja akasimama.

"Komanda gani?"

Papa Safari alinyoosha mkasi wake akaonyesha karai. Askari alikuja mpaka uani, akamtazama paka, akatazama majivu, akatazama tena paka. Akasema, "Bien. Aendelee," akaenda. Papa Safari hakushona kitu mpaka mchana. Maman Devota alipoambiwa alicheka hadi akakaa chini.

Halafu vita ya ng'ambo ikaanza. Mabomu ya Bukavu yalitikisa sahani kabatini, na Komanda akawa anakojoa chini ya kitanda kwa hofu, nikawa natambaa huko na mshumaa kuhesabu. Daraja likafungwa. Wanawake wa biashara waliacha kuja asubuhi, Maman Devota akawa anakaa sebuleni mchana kutwa, ananyoosha vitenge vilivyonyooka. Kisha watu wakaanza kurudi, mistari mirefu, magodoro vichwani. Siku moja mkuu wa eneo alikuja na mwanamke mwembamba na msichana wa rika langu. Mwanamke alisimama uani, hakukanyaga baraza. Mkuu alisema hawa ndio wenye nyumba. Maman Devota akasema, "Karibu, Mama," na hapo hapo akajishika mdomo, kwa sababu alikuwa anamkaribisha mtu kwake mwenyewe.

Tulikaa pamoja wiki mbili, tukingoja shamba tuliloahidiwa Nyakabuye. Mafiga mawili jikoni, moshi mmoja. Wao walichukua chumba cha kwanza, sisi tukabaki na marobota. Hakuna aliyeuliza mwenzake alikuwa wapi wala nani amebaki nyuma. Nilisikia tu wale mama wawili wakizungumza kuhusu maharage, yapi yanaiva haraka, yapi yanaleta gesi, kwa heshima kubwa sana, kama watu wanaobeba pamoja kitu kinachoweza kuvunjika. Msichana aliitwa Veneranda. Siku ya pili alimwona Komanda anatoka chini ya kitanda.

"Huyu ana kidevu cha mama yake," alisema.

Siku ya tatu likazuka suala la paka kwenda au kubaki. Maman Devota alisema, "Paka ni ya nyumba, haiko ya muntu. Ukimuhamisha anarudi, ao anakufa njiani." Mama Veneranda akasema ndivyo hivyo, hata kwao walisema hivyo, paka hahamishwi. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana kwa sauti, na nyumba nzima ikapumua. Nilimwita Veneranda jikoni nikamwonyesha karai.

"Hapa anakojoa. Lazima mara mbili, hata tatu. Sambaza unaloweka mara mbili. Mayi yake ni haya."

"Mayi inatoka wapi?"

"Kisimani."

"Mimi nibebee paka mayi toka kule chini?"

"Eeh."

Alicheka. Aliponiangalia akaacha.

Wiki ya pili, siku nne kabla hatujaondoka, Komanda aliziba tena. Saa sita ilipita, majivu makavu. Daktari hakuwa karibu, na barabara zilikuwa na askari. Nilimwambia Veneranda amshike. Tulikaa kwenye sakafu ya jikoni, yeye ameshika miguu minne, mimi nimepaka mawese vidoleni, nikafanya kama nilivyoona: kusokota, kusubiri, kusokota. Kwa muda mrefu hakuna kilichotoka. Paka alimkwaruza Veneranda mkono mpaka damu, lakini hakumwachia. Kisha zile punje zikatoka, halafu mkojo, na Veneranda akaanza kulia kwa sauti, paka bado mikononi. Mimi nilimtazama kama mtu anavyotazama mvua inanyesha kwenye mlima mwingine. Vidole vyangu havikutetemeka. Niliona kwamba havitetemeki, nikafikiri, kuna kitu hakipo. Alipomaliza kulia nilisema, "Sasa fanya wewe, kwa kidole changu, nione kama umeelewa." Akasokota kidole changu kidogo, taratibu, sawasawa.

Tulihama na marobota sita juu ya taksi, basi dogo la abiria. Komanda alikuwa amelala kwenye dirisha, hakutuangalia.

Huku Nyakabuye kulikuwa na joto, na nyumba ya udongo yenye harufu mpya. Niliendelea kumuuliza Veneranda habari za Komanda kupitia konvuayeri, yaani kondakta, wa taksi ya Nyakarenzo, kijana wa maneno mengi, ambaye mwanzoni alidhani ni siri ya mapenzi. Siku za soko alining'inia mlangoni akapiga kelele, "Wa Nyakarenzo anasema mbili!" Watu wa soko wakajibu, "Mbili nini?" Naye, "Hata mimi sijui, bandugu, mbili!" Maman Devota, akiwa ameinama shambani, alikuwa ananyanyua kichwa. "Amesema ngapi?" Kwa wiki kadhaa ikawa mbili, tatu, mbili. Halafu moja. Halafu masoko matatu hakuna kitu. Konvuayeri alisema hajamwona yule msichana. Nililima. Nilipika. Nilijiambia paka ni wa nyumba.

Soko la nne taksi ilisimama mbele ya mlango wetu kabisa, na Veneranda akashuka na kikapu kimefungwa kwa kitenge. Mbele ya sketi yake yote ilikuwa imelowa. Alisimama njiani akasema haraka, kama mtu aliyekariri:

"Mama amesema mayi ni ya bantu. Ameficha kile kifuniko cha kopo. Nilikuwa namupa kwa kificho, akaniona. Sikuwa na fasi ingine ya kumupeleka."

Kutoka kwenye taksi mzee mmoja alilalamika, "Mutoe mutoto na huyo paka wake, tumenuka toka Nyakarenzo!"

Veneranda alinyoosha sketi yake kwa mikono miwili ili nione vizuri. "Amekojoa njiani," alisema. "Kwa magoti yangu."

Maman Devota alikuwa mlangoni. Nilijua atakachosema, kwamba paka hahamishwi, kwamba atarudi au atafia njiani. Alitazama kikapu, akatazama ile sketi. Akageuka, akaingia jikoni, nikamsikia anakwangua figa. Akatoka na karai la kufulia, lile zuri, lenye majivu ambayo bado yalikuwa na moto, anayapooza kwa kuyageuza na mkono mtupu.

Konvuayeri alipiga bodi ya gari, wanageuza, wanarudi juu. Veneranda alikuwa ananitazama. Nilijua kuna neno la kusema na nililitafuta. Nilichopata ni hiki:

"Leo ngapi?"

"Moja," alisema. "Ile ya magoti." Akapanda. Wale abiria wakabanana kumpa nafasi, akakaa karibu na mlango.

Komanda aliishi kwetu miaka mitatu na miezi kadhaa. Aliziba mara tano. Mara nne nilimfungua, mara ya tano sikuweza, na alikufa asubuhi kwenye mapaja yangu, kibofu kigumu. Siku hiyo nililia. Sikuwa nimemlilia mtu yeyote kabla yake, na nilipoanza ilishindikana kunyamaza, mpaka jirani wakaja kuuliza ni nani amefariki. Maman Devota aliwasimamisha mlangoni. Aliwaambia, "Muache. Anao wengi."

Nilipopata nafasi ya kwenda Nyakarenzo, vita ya pili ya ng'ambo ilikuwa imeanza zamani, na nyumba ilikuwa na watu wengine tena. Hawakumjua Veneranda wala mama yake. Papa Safari alikuwa amehama na cherehani yake. Nimeuliza watu wa soko, nimeuliza parokiani.

Ninyi mliowahi kuchunga paka wa namna hii, niandikieni mlifanyaje, na wenu aliishi miaka mingapi. Ningependa kujua kama kulikuwa na njia ambayo sikuijua. Na kama miongoni mwenu yuko mwanamke aliyewahi kupanda taksi na kikapu magotini, akatukanwa na abiria mpaka Nyakabuye: Komanda aliishi miaka mitatu, Veneranda. Asante. Niandikie, hata mstari mmoja, nijue umesikia.